Mlaze Kivulini

Mkonze, Dodoma
2 Juni 2024

Mama mkwe wangu, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umekaa juani, maana huku upepo wa baridi umeshaanza na nadhani Kwamtoro nako ni hivyo hivyo. Sisi wazima. Fulgence bado yuko Manyoni na wale wachimba visima, anarudi mwisho wa mwezi kisha anaondoka tena. Edina ameanza kutambaa, Mama, lakini anatambaa kinyumenyume kama gari linalotafuta pa kugeuzia. Akifika ukutani anaukasirikia ukuta.

Fulgence alisema nikupigie simu. Nikamwambia, nipige, mama asikie nini? Tangu ile kwinini ikuzibe masikio, hata kengele ya kanisa wewe unaiona tu ikiyumba. Na herufi za simu unasema ni sisimizi. Basi naandika, tena kwa herufi kubwa. Mimi niliishia darasa la saba. Ukiona nimekosea cheka, ila cheka ukijua nimejitahidi.

Nina ombi. Nyumba yetu imepauliwa na tumehamia, lakini nje ni udongo mtupu, mwekundu, hauna hata jani. Nimepanda maua mara mbili. Ya kwanza yaliliwa na mbuzi wa jirani yangu Sikudhani. Ya pili yaliuawa na maji ya kisima, maana maji ya huku yana chumvi, sufuria inabaki na ukoko mweupe. Sikudhani ananicheka: "Mama Edina, wewe panda mawe tu. Mawe hayaliwi na hayanyauki."

Sasa Fulgence kila akiutazama uwanja huu anasema, kwa mama kuna taji la miiba. Limeizunguka nyumba nzima, lina maua mekundu hata mwezi wa kumi, wakati kila kitu kimekuwa kijivu, na mbuzi wakilisogelea wanageuza pua. Anavyolisema, Mama, ni kama anasema habari za mtu.

Naomba vipande. Nataka Edina akitoka mlangoni aone kitu chekundu kinachoishi.

Nakumbuka siku ya ndoa yetu ulisema jambo kwa lugha yenu, watu wakacheka, nami nikacheka nao bila kujua. Fulgence alinitafsiria baadaye, kwamba umeletewa mkwe ambaye itabidi mzungumze kwa mikono. Sikukasirika. Mimi ni Mgogo wa Mvumi, lugha yenu ya kugonga ulimi siiwezi. Nimejaribu mbele ya kioo nikajing'ata. Lakini Kiswahili tunacho wote wawili, kitatutosha.

Ni mimi mkweo,
Anyesi, mama wa Edina


Kwamtoro, Chemba
16 Juni 2024

Kwa Anyesi, mkwe wangu.

Marahaba. Anayeandika hapa ni Violeth, mtoto wa dada yangu. Mimi nasema, yeye ananyoosha. Anasema Kiswahili changu kimepinda kama pembe la ng'ombe, kwa hiyo lazima akipashe moto kwanza.

Barua yako niliisoma mwenyewe. Herufi zako ni nzuri, hazina haraka. Habari ya siku ya ndoa ni kweli. Nilisema, na ningesema tena, maana nilitaka mkwe wa kukaa naye jikoni tukasengenya watu kwa lugha ambayo wao hawaijui. Lakini nilikuona ukicheka pamoja na waliokuwa wanakucheka, nikasema moyoni, huyu hana kinyongo.

Taji nitakupa. Mimi nilipewa kitawi na sista wa misheni mwaka nilioolewa. Kimekaa nami kuliko mtu yeyote aliye hai. Nitakukatia vipande tukimaliza kuvuna alizeti, nimpe Optatus, yule anayepeleka asali na alizeti soko la Majengo. Vikifika, usivipande. Niandikie kwanza vimefikaje, nami nitakwambia la kufanya, kwa sababu kilichosafiri hakitunzwi sawa na kilichokatwa leo. Na maziwa yake yasimguse mtoto machoni. Ukishavishika, nawa mikono.

Mshike Edina mguu, umwambie huo ni mkono wa bibi.

Restuta, kwa mkono wa Violeth


Mkonze, Dodoma
7 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Kapu limefika jana, na asali imefika, asante sana. Optatus alilishika kapu mbali na tumbo lake kama mtu aliyebeba nyoka. Akaniambia, "Shemeji, mama mkwe wako amekutumia ugomvi." Miiba imemchoma njia nzima.

Vipande vimechubuka, na kila palipokatwa panatoka maziwa meupe. Nimeviweka jikoni, juu ya ule ukuta mfupi chini ya dirisha. Naogopa kuvipa maji na naogopa kuvinyima. Umenikataza kupanda, basi nakusubiri.

Jambo lingine, Edina hayuko vizuri. Tangu jana tumbo linamwendesha, na akinyonya anatapika. Amekuwa mnyonge, hataki hata kugombana na ukuta. Sikudhani anasema ni meno. Leo Jumapili zahanati imefungwa, na Fulgence simu haimpati, wako porini. Mama yangu mzazi alishafariki, unajua. Watu wote wanasema kule kwenu hakuna mtoto aliyekua bila kupita mikononi mwako.

Optatus anarudi kesho asubuhi, nampa barua hii. Nifanyeje, Mama? Niambie nami nitafuata kama ulivyosema.

Anyesi


Kwamtoro
9 Julai 2024

Anyesi mkwe wangu.

Leo hakuna Violeth, ameenda Kondoa kwa wakwe zake. Naandika mwenyewe. Barua amefika. Optatus amekaa hapa mlangoni anakunywa uji, anageuza leo leo, kwa hiyo sisemi mengi.

Tumbo ni meno tu. Fulgence alikuwa hivyo.

Usihofu. Baridi amemchosha. Mlaze kivulini, pasipo upepo. Maji usimpe, hata tone. Maji ndiyo anamwozesha ndani. Maziwa yatamtoka, mwache yamtoke, atakoma yenyewe. Atasinyaa. Akisinyaa usiogope, lazima asinyae kwanza ndipo apate nguvu. Watu wengi wanaona huruma, wanampa maji, wanampoteza. Huruma ndiyo anaua. Mimi nimelea wengi namna hii, sijapoteza mmoja. Ngozi yake akishakauka kabisa, ndipo umwanzishie maji, kidogo.

Kapu mrudishe.

Restuta


Dodoma
16 Julai 2024

Mama, shikamoo.

Leo sina salamu ndefu. Ni mimi Fulgence, nimefika jana kutoka Manyoni, nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali. Edina yuko wodini, ana dripu kichwani kwa sababu mkononi mshipa haukuonekana.

Ijumaa Sikudhani alikwenda kuazima kiberiti, akamkuta mtoto amelazwa kwenye kivuli nyuma ya nyumba, macho yamedidimia, utosi umebonyea, hana machozi. Akamwuliza mke wangu, "Umempa maji?" Anyesi akamwambia, "Mama mkwe amekataza." Sikudhani alimpokonya mtoto, Mama. Alikimbia naye mpaka barabarani bila viatu.

Daktari aliivuta ngozi ya tumbo lake akaiachia. Ikabaki imesimama. Akauliza huyu mtoto amenyimwa maji na nani. Mke wangu akampa barua yako.

Nimeisoma na mimi. Nimeisoma tena na tena nikitafuta mahali ambapo hukusema. Ulisema asipewe hata tone. Ulisema huruma inaua. Anyesi ananiambia mtoto alikuwa akiona kikombe anakinyooshea mikono, naye anamgeuza kichwa upande wa pili huku analia, kwa sababu alitaka kuwa mkwe anayesikia.

Mimi ni mwanao, siwezi kukutukana. Lakini Kiswahili changu nimekisoma shuleni na naelewa kilichoandikwa. Nakuomba usimwandikie tena mke wangu.

Kama atapona hatujui.

Fulgence


Kwamtoro
19 Julai 2024

Fulgence mwanangu.

Nimesoma. Nikadhani ni macho yangu, nikangoja Violeth arudi, nikampa. Akasoma mara mbili. Akaniuliza, mama mkubwa, ulimwandikia nini yule dada? Nikamwambia kwa lugha yetu, nilimwandikia habari ya mti. Akaniuliza, uliandika "mlaze"? Nikasema ndiyo, mlaze kivulini. Akaweka mkono mdomoni.

Mwanangu, wewe unajua lugha yetu ingawa umeihama. Kwetu mti ni mume au ni mke, kapu ni mume au ni mke, hakuna kitu kisicho mtu. Violeth ananiambia Kiswahili ni nyumba ya vyumba vingi, mti ana chumba chake, mtoto ana chumba chake. Mimi sikujua. Nimewalaza chumba kimoja.

Ilikuwa mti. Mungu ananiona, ilikuwa mti. Anyesi aliuliza mambo mawili, nikajibu tumbo kwa mstari mmoja kwa sababu hakuandika kwamba ni kubwa, nikaingia kwa mti bila kubisha hodi.

Mtoto mwenye tumbo la kuendesha hupewa maji mpaka achoke. Hilo kila mama wa huku analijua, hata mjinga kama mimi.

Naomba uniandikie neno moja tu, kama yuko hai. Mengine usiandike. Mimi kalamu sishiki tena.

Restuta


Mkonze, Dodoma
11 Agosti 2024

Mama, shikamoo.

Hai.

Ndilo neno uliloliomba, na nimeliandika peke yake ili ulione kabla ya mengine. Edina yu hai na yuko nyumbani. Amekonda, shingo yake unaweza kuizungushia vidole, lakini jana alimng'ata Sikudhani na Sikudhani akashukuru Mungu.

Nisamehe kwa kuchelewa. Fulgence alikaa na barua yako mfukoni mpaka juzi. Hakuwa na ubaya, alikuwa haamini. Juzi amekaa hapa mlangoni akaanza kuongea peke yake kwa lugha yenu, taratibu, kama mtu anayehesabu. Nikamwuliza unasema nini. Akasema, "Nasema barua ya mama. Nairudisha kwenye lugha yake nione inakuwaje." Akainuka akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha taji mkononi na machozi yanamtoka. Ndipo akanipa barua yako.

Mama, vile vipande nilikuwa nimevisahau. Tangu siku tuliyokimbilia hospitali tunakula kwa Sikudhani, hakuna aliyeingia jikoni kwangu. Vilikuwa pale pale kwenye kivuli chini ya dirisha. Vimesinyaa. Maziwa yamekoma na kuwa ngozi ngumu palipokatwa. Nikachukua barua yako ile ya tarehe tisa Julai, nikaisoma nikiwa nimeshika kipande badala ya mtoto. Mama, kila neno ni kweli. Mlaze kivulini. Maji usimpe. Akisinyaa usiogope. Hakuna hata neno moja la uongo pale.

Nilicheka, Mama. Sikudhani akadhani nimechanganyikiwa.

Nimevipanda kwenye kokoto na mchanga, karibu na mlango, vikiwa vimesimama peke yao. Maji nimevipa kama ulivyosema, kidogo. Fulgence anakuomba radhi, anasema ataandika mwenyewe, lakini unamjua, atazunguka kwanza.

Niandikie. Hata mstari mmoja.

Anyesi


Mkonze, Dodoma
13 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Hujajibu. Optatus anasema barua yangu ulipokea ukaiweka ndani ya khanga kifuani, ukamtengea uji, na alipokuuliza una jibu gani ukamgeuzia mgongo ukawa unachambua mboga ambazo zilishachambuliwa. Nikamwambia Optatus, wewe si ungeuliza tena? Akasema, "Shemeji, mimi nimechomwa na miiba yake mara moja, inanitosha."

Najua unachofikiri. Basi na mimi nikwambie, halafu tuache.

Kule hospitali nilikuchukia. Nilikuwa nimekaa chini ya kitanda nasema moyoni, yule mama alisema huruma inaua, yeye hana. Nilitaka uwe mbaya. Kwa sababu kama wewe si mbaya, anayebaki ni mimi. Wewe ulikuwa Kwamtoro na karatasi. Mimi nilikuwa nimemshika. Nilimwona anavyokitazama kikombe, Mama, na ndani yangu kitu kikasema mpe, nikakiambia nyamaza, mama mkwe anajua zaidi. Hicho ndicho kinachoniamsha usiku. Vyumba vya Kiswahili vimenikosesha, sawa, lakini mtoto alikuwa haongei Kiswahili. Alikuwa ananyoosha mikono.

Nesi alinifundisha kuchanganya yale maji ya pakiti. Alinishika mkono akasema, "Mama, mtoto akiharisha mpe maji, akitapika ngoja kidogo umpe tena, na umlete mapema. Hata kama barua imetoka kwa askofu." Nimeikariri.

Sasa nina swali ambalo huku hakuna wa kumwuliza. Taji lilitoa majani mwezi wa nane, madogo, nikafurahi. Tangu jua hili kali lianze yanakuwa ya njano na kudondoka. Leo asubuhi limebaki jani moja. Limekuwa fimbo tupu zenye miiba. Sikudhani anasema ng'oa, lishakufa. Fulgence hataki kulitazama, anapita ameangalia juu.

Sijaling'oa. Limekufa, Mama? Nilimwagilie maji? Nisipopata jibu lako sitaling'oa wala kulimwagilia, litakaa tu hivyo hivyo mlangoni na mimi nitakuwa nalipita.

Edina amesimama wima, akishikilia ndoo.

Anyesi


Kwamtoro
3 Novemba 2024

(karatasi ya kwanza, imefungwa kwa uzi mweupe)

HII NI KARATASI YA MTOTO.

Anyesi mwanangu. Nilisema sishiki kalamu. Lakini umeniuliza, na anayeulizwa akinyamaza naye amenyima maji.

Habari za mtoto Edina, mwenye miguu miwili, binti wa Fulgence. Mtoto huyo mpe maji. Akiwa mzima mpe maji. Akiwa mgonjwa mpe maji na mpeleke kwa nesi. Usiku mpe maji. Akikataa mpe tena.

Mama wa mtoto naye anywe.

Uliyosema ya hospitali nimeyasoma mpaka mwisho. Usiyarudie kuandika. Nimeyapokea, yamekaa huku kwangu. Kapu lako umeshamrudisha.

(karatasi ya pili, imefungwa kwa uzi mwekundu)

HII NI KARATASI YA MTI.

Mti wa miiba, taji, asiye na miguu, aliye mlangoni.

Mti huyo hajafa. Jua likiwa kali anaangusha majani ili asiyalishe. Amelala. Kwaruza ngozi yake kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, na maziwa, amelala tu. Ukiona kahawia na pakavu, amekufa, usilie.

Usimmwagilie akiwa amelala. Atakunywa mvua za mwezi wa kumi na mbili mwenyewe, hatakuuliza.

Karatasi hizi mbili usizichanganye. Nimetumia uzi kusudi.

Restuta, kwa mkono wake


Mkonze, Dodoma
9 Machi 2025

Mama, shikamoo.

Ulisikia kwa Optatus kwamba nilikwaruza nikaona kijani. Mengine nilimkataza asikwambie, nilitaka nikwambie mwenyewe.

Amechanua, Mama.

Umeona nilivyoandika? Nimeliandika kwa makusudi, na mwalimu wangu wa darasa la saba akitaka aje anichape. Siku ile mvua ya pili ilipopiga alitoa majani mengi kwa pamoja, na wiki ya Jumatano ya Majivu nikatoka nje na ndoo nikaona vidoti vyekundu viwili viwili, kama macho ya mtu aliyelia akamaliza. Mbuzi wa Sikudhani alikuja kumnusa, akachomwa pua, akarudi kwao analalamika. Sikudhani akasema, "Mama Edina, huyo mlinzi wako mkali, mwambie anisalimie mbuzi vizuri." Akacheka, halafu akaniomba kipande. Nimemwambia sikati mpaka mwenyewe aje anioneshe pa kukatia.

Sasa nikuulize, maana hili linanisumbua.

Edina anatembea. Kila mahali anakwenda na kikombe chake cha bati, hakiachi, hata kulala analala nacho. Nesi anasema atakisahau akikua. Sasa kila asubuhi akishakunywa, anatoka mpaka mlangoni, anachuchumaa, maji yaliyobaki anamnywesha taji. Anamwaga kidogo, anamtazama, anamwaga tena. Na akimaliza anamgongea ulimi. Si Kigogo wala Kiswahili, Mama. Anagonga ulimi, tok, tok, hakuna aliyemfundisha. Fulgence alipomsikia mara ya kwanza alisimama mlangoni na sahani mkononi mpaka chakula kikapoa.

Najua mti huyu hapendi maji mengi. Karatasi ya uzi mwekundu ninayo, naijua kwa moyo. Juzi nikasema leo nimzuie mtoto, nikanyoosha mkono. Mkono ulifika karibu na kikombe ukakataa. Siwezi, Mama. Siwezi tena kumgeuza kichwa mtu yeyote mbele ya kikombe.

Lakini akioza, Edina atatoka asubuhi moja akute hayupo. Hilo nalo sitaki.

Nifanyeje? Na safari hii sitaki karatasi mbili. Njoo mwenyewe. Fulgence amepaka chokaa chumba cha pembeni, kuandika kweli ameshindwa, lakini amepaka mara mbili. Mtoto huyu anahitaji mtu wa kumjibu anapogonga ulimi. Mimi nikimjibu nitajing'ata.

Mkweo wa kuzungumza kwa mikono,
Anyesi


Kwamtoro
18 Machi 2025

Anyesi mwanangu.

Barua amefika. Nimemsoma peke yangu, Violeth amehamia Kondoa.

Mwache mtoto na kikombe. Mti akiwa na maua ana kiu kama mzazi.

Jumamosi nakuja na Optatus. Nimemwambia anipakie mbele, asali akae nyuma. Mwambie Fulgence chokaa asipake tena.

Mpaka nifike, mpe maji.

Wote wawili.

Restuta